Simu inasema nimezidi, nesi anasema niko sawa: nimsikilize nani?

Swali

"Shikamoo dada. Nina miaka 28, naishi Igoma hapa Mwanza, na hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 24. Urefu wangu ni sentimita 158. Mwezi mmoja kabla sijashika mimba nilipima kazini nikawa na kilo 61. Kliniki ya kwanza nilienda wiki ya 14, nikakutwa na kilo 63. Jumatatu iliyopita kliniki walinikuta na 66.5, nesi akaandika kwenye kadi, akasema endelea hivyohivyo. Ijumaa nikapita duka la dawa, nikapima tena, 68.8. Nikaingiza kwenye programu ya mimba niliyopakua, ikaniwekea rangi nyekundu: nina uzito mkubwa, nimeongezeka kupita kiasi, na mimba nzima mwisho wangu ni kilo 11.5. Mdogo wangu wa Dar akanijazia kwenye kikokotoo kingine, hicho kikasema naruhusiwa mpaka 16. Mama mkwe naye anasema nile kwa ajili ya watu wawili. Tangu Ijumaa nimeacha chakula cha usiku, nakunywa chai ya rangi na tango. Naogopa mtoto akiwa mkubwa nitapigwa kisu. Nifuate kipi?"

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kabla sijagusa namba hata moja nakuomba kitu kimoja: leo usiku kula. Chai ya rangi na tango si chakula cha mama kijacho wa wiki 24. Mwenye mimba akikaa saa nyingi bila kula, mwili wake huanza kuchoma mafuta mapema kuliko wa mtu asiye na mimba, na mtoto usiku kucha anategemea sukari iliyo kwenye damu yako. Kula kwanza. Hesabu tunaifanya hapa chini, mimi na wewe, na utaona ilipokwenda kombo.

Namba zako nimezisoma mara mbili, na nadhani najua kilichotokea hata bila kuiona simu yenyewe. Programu ilikuuliza uzito wako wa kabla ya mimba, nawe ukajaza 63, ule wa kliniki ya kwanza, kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye kadi. Mdogo wako wa Dar alijaza 61. Kilichonionyesha ni hiyo 11.5. Hakuna kikokotoo kinachoitoa namba hiyo kama kikomo kwa mtu wa kilo 61 na urefu wa sentimita 158.

Karibu vikokotoo vyote vya uzito wa mimba huanza na hesabu moja. Vinachukua uzito wa kabla ya mimba kwa kilo, vinaugawanya kwa urefu kwa mita, kisha vinagawanya tena kwa urefu uleule. Jibu lake ndiyo BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Chukua kalamu. 61 gawanya kwa 1.58, gawanya tena kwa 1.58: unapata 24.4. Sasa weka 63 mahali pa 61: unapata 25.2. Mpaka kati ya uzito wa kawaida na uzito uliozidi uko kwenye 25. Kilo mbili ambazo mimba yenyewe ilikuongezea katika wiki 14 za mwanzo zimekurusha upande wa pili, na programu ikakuhesabu kama mtu aliyeingia kwenye mimba akiwa tayari amezidi.

Kutoka hapo kinachofuata ni kuangalia jedwali tu. Jedwali linalotumika sana lilitolewa mwaka 2009 na Institute of Medicine ya Marekani. Aliyeanza mimba akiwa na BMI chini ya 18.5 anashauriwa kuongeza kilo 12.5 hadi 18. Wa 18.5 hadi 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Wa 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9. Kwa hiyo programu yako na kikokotoo cha mdogo wako hazikubishana hata kidogo. Zilisoma jedwali moja, kila moja ikiwa na mwanamke wake: moja ilipewa wa kilo 63, nyingine wa kilo 61. Wewe ni wa 61. Mstari wako ni 11.5 hadi 16, maana yake mwisho wa mimba tunategemea uwe kati ya kilo 72.5 na 77.

Nikuambie na upande wa pili wa ukweli huo. 24.4 iko karibu sana na mpaka, na mwili haujui kwamba watu wa vitabu walichora mstari kwenye 25. Mwanamke wa 24.9 na wa 25.1 ni watu walewale. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekwambia tulenge 12 au 13, na ukifika 15 huku presha, mkojo na sukari viko sawa, nisingekufokea.

Sasa tuje kwenye hiyo 68.8 ya Ijumaa.

Kati ya Jumatatu na Ijumaa simu imeona umeongezeka kilo 2.3. Hakuna mtu anayejenga kilo mbili za mwili kwa siku nne kwa kula wali. Ila kuna mizani mbili tofauti, saa mbili tofauti za siku, na nguo. Kliniki pengine ulipima asubuhi, umevua viatu. Duka la dawa, kama nalijua duka la dawa, ulipanda umevaa viatu, kitenge kizima, simu na funguo mfukoni, umetoka kula mchana na umekunywa maji kwa sababu ya jua. Lita moja ya maji ni kilo moja, tumboni au kwenye chupa. Niliwahi kufanya kazi kwenye kliniki ambayo mizani yake ilikuwa imewekwa juu ya zulia ili akina mama wasikanyage sakafu ya baridi. Nia ilikuwa njema. Lakini tuliandika namba za ajabu karibu mwezi mzima, mama mmoja anapungua kilo na nusu, mwingine anapanda mbili, mpaka mkunga mmoja mzee akainama, akavuta lile zulia, akaturudisha kwenye sakafu ngumu. Tangu siku hiyo mtu akiniletea namba ya kushtua, swali langu la kwanza huwa ni mizani imekaa juu ya nini.

Tazama basi kilichokulaza njaa. Kwa mtu aliyehesabiwa kwenye kundi la 25 hadi 29.9, jedwali lilelile linategemea aongeze nusu kilo hadi kilo 2 katika miezi mitatu ya kwanza, kisha wastani wa gramu 230 hadi 330 kila wiki. Wiki ya 24 ni wiki 11 baada ya hapo, kwa hiyo kikomo chake cha juu siku hiyo ni kama kilo 5.6. Simu ilichukua 68.8 ikatoa 63, ikapata 5.8. Nyekundu! Gramu zisizofika 200, mdogo wangu. Kandambili na funguo zinaweza kufika hapo.

Turudie kwa namba zako halisi. Kwa kundi lako, nusu kilo hadi 2 katika miezi mitatu ya kwanza, halafu gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Wiki 11 zinakupa 3.85 hadi 5.5. Jumlisha na za mwanzo: mpaka wiki ya 24 unatakiwa uwe umeongeza kati ya kilo 4.35 na 7.5. Kwa mizani ya kliniki, 66.5 ukitoa 61 ni 5.5. Uko ndani, tena mbali na kingo zote mbili. Nesi aliyekwambia endelea hivyohivyo aliangalia kadi yako akajua anachosema.

Kuhusu kula kwa ajili ya watu wawili, usigombane na mama mkwe. Anaongea kwa upendo, na katika maisha yake ameona wajawazito waliokosa chakula wengi kuliko waliozidisha. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara tatizo la kutoongeza uzito wa kutosha bado ni kubwa, na matokeo yake tunayaona: watoto njiti, na wanaozaliwa chini ya kilo 2.5. Makala nyingi za mtandaoni zinaandikwa na kusomwa mahali ambapo hofu kubwa ni kunenepa. Hapa kwetu tuna pande zote mbili, wakati mwingine kwenye nyumba moja. Lakini watu wawili hao mmoja wao bado ana uzito usiofika kilo moja. Anachohitaji ni nyongeza, wala si sahani ya pili.

Nyongeza hiyo ni kiasi gani? Makadirio ya Marekani ni kama kalori 340 za ziada kwa siku katika miezi mitatu ya kati, na kama 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa chakula cha Mwanza, glasi moja ya maziwa, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu moja vinakufikisha karibu kabisa na hizo 340. Ukiingia miezi ya mwisho ongeza vijiko viwili vikubwa vya karanga, basi. Ukimwambia mama mkwe kwamba mjukuu wake anataka maziwa, yai na ndizi kila siku, nadhani atafurahi kuwa na kazi ya kufanya. Na kama kuna aliyekwambia yai linamfanya mtoto azaliwe na kipara, kula yai.

Hiyo hofu ya kisu nimeisikia kwa akina mama wengi, na wako wanaojinyima kwa makusudi ili mtoto awe mdogo na atoke kirahisi. Ni kweli kuongezeka kupita kiasi kunaongeza uwezekano wa mtoto mkubwa, kisukari cha mimba na upasuaji. Lakini kujinyima hakukununulii uzazi mwepesi. Mtoto anaweza kuwa mdogo na bado akakaa vibaya tumboni, au uchungu ukagoma. Na mama aliyeingia leba na damu pungufu yuko kwenye hatari kubwa zaidi akivuja damu, ajifungue kwa njia yoyote ile. Kinachokulinda ni kliniki, vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na foliki asidi, vya kuongeza damu) ulivyopewa, chakula cha kueleweka, na kujifungulia mahali penye watu wenye ujuzi.

Ukitaka kujua kilo zinakwenda wapi, mwisho wa mimba hali huwa hivi kwa kukadiria: mtoto kilo 3 na kitu, kondo la nyuma gramu 700 hivi, maji ya uzazi karibu kilo moja, mfuko wa uzazi wenyewe kama kilo moja, matiti nusu kilo, damu iliyoongezeka kilo moja na nusu, maji mengine mwilini kilo moja na nusu, na mafuta kilo 3 hadi 4 ambayo mwili unayaweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Huwa nawasomea akina mama orodha hii kwa sauti. Wengi wanadhani kila kilo iliyozidi ya mtoto ni unene, na wakifika kwenye damu na maji naona mabega yanashuka.

Sasa, je, uifute programu? Hapana. Mimi ni mmoja wa wanaoamini simu inaweza kumsaidia mjamzito, na hapa Tanzania tulishaona hilo: kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, ilipeleka ujumbe mfupi wa bure kwa akina mama wengi wenye simu za kitochi, bila bando wala skrini ya kugusa. Kinachotakiwa ni kuipa programu namba sahihi na kujua kazi yake inaishia wapi.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta uzito wa kabla ya mimba, futa 63, andika 61. Angalia kama imewekwa kwenye kilo au ratili, ratili 2.2 ndizo kilo moja, na nimeona mama aliyejaza kilo zake kwenye programu ya ratili ikamwambia amekonda hatari. Angalia tarehe pia. Wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo ukijaza siku unayodhani ulishika mimba utarudi nyuma kama wiki mbili, na uzito uleule utaonekana mkubwa. Kama ulipiga ultrasaundi mapema na daktari akarekebisha wiki, fuata zile za daktari. Shirika la Afya Duniani linashauri ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kujua umri sahihi wa mimba ni moja ya sababu zake.

Halafu chagua mizani moja, umalize nayo. Ya kliniki inatosha kabisa. Ukitaka kupima na nyumbani, mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili inatosha, siku ileile, asubuhi, umetoka msalani, kabla ya chai, na khanga moja tu, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Kupima kila siku kutakupa presha bure, maana maji ya mwili yanapanda na kushuka yenyewe. Kama unaishuku mizani yako, pima ndoo tupu, kisha ijaze maji lita 20 uipime tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikiwa 21 au 19, unajua inadanganya kwa kiasi gani. Tena usizichanganye: namba za nyumbani na za kliniki ziandike safu mbili tofauti. Unachotafuta ni mwelekeo wa nukta tatu au nne mfululizo. Nukta moja haisemi kitu.

Kwenye programu za kuhesabu kalori hapo nakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu nyingi hazikijui chakula chetu. Ukitafuta ugali utaletewa uji wa mahindi wa nchi nyingine, na ukitafuta dagaa utaletewa samaki wa kopo kwenye mafuta. Hata akipatikana ugali, wako na wangu haufanani: unga uleule, maji tofauti. Sisi watu wa lishe tunatumia jedwali la vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Kenya nao wana la kwao la 2018. Humo mna dagaa, mchicha, matembele na vinginevyo kama tunavyovipika. Lakini wewe huna haja ya kuhesabu kila kijiko. Angalia vitu viwili vinavyopandisha uzito kimyakimya: mafuta na sukari ya kunywa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, na sato wa kukaanga anaondoka na vijiko kadhaa. Soda moja ya mililita 350 ina karibu kalori 150. Sato huyohuyo akipikwa mchuzi na nyanya, na soda ikawa maji au chungwa zima, umeshapunguza bila kulala njaa hata siku moja. Bakuli la mboga za majani, maharage au dagaa, tunda: hayo usiyapunguze. Na kama unatafuna udongo, ile pemba ya sokoni, mwambie nesi bila aibu. Wengi wanatafuna, na mara nyingi nyuma yake kuna upungufu wa damu unaotakiwa kutibiwa.

Kutembea kunasaidia kuliko kujinyima. Kama mkunga hajakukataza, lenga dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuongea. Ni kama nusu saa kwa siku tano, na kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani kunahesabika.

Kuna wasomaji watakaouliza: sisi hatukupima kabla ya mimba, tufanyeje? Nendeni kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12 mkiweza. Uzito wa wakati huo unaweza kushika nafasi ya ule wa kabla ya mimba kwa sababu haujasogea sana. Aliyechelewa kuanza aachane na jumla ya mimba nzima, afuate kasi ya wiki tu, na amwombe nesi ampime mzunguko wa mkono kwa ule utepe. Mkono haubadiliki sana na mimba, kwa hiyo ukisoma chini ya sentimita 23 tunaanza kufuatilia lishe kwa karibu, hata kama tumbo ni kubwa. Mwenye mapacha naye asitumie namba zako: kwa BMI ya kawaida yeye anategemewa kuongeza kilo 17 hadi 25, na programu isiyouliza idadi ya watoto itamtisha bure.

Labda utajiuliza kama jedwali la Wamarekani linamfaa mwanamke wa Igoma. Ni swali zuri. Mradi mmoja wa kimataifa, INTERGROWTH-21st, ulifuatilia wajawazito wenye afya na lishe nzuri katika maeneo manane duniani, Nairobi na Muscat zikiwemo pamoja na Oxford, Seattle, Turin, Pelotas, Beijing na Nagpur. Matokeo ya uzito yalichapishwa mwaka 2016: wenye BMI ya kawaida walimaliza mimba wakiwa wameongeza wastani wa kilo 13.7. Namba hiyo inaangukia katikati ya 11.5 na 16. Uingereza wao wanasema tu kwamba wengi huongeza kilo 10 hadi 12.5, kwa hiyo ukikutana na kikokotoo cha huko usishangae kikiongea lugha nyingine kidogo.

Kikokotoo cha kuamini kinakuuliza uzito wa kabla ya mimba, urefu, wiki, na kama ni mtoto mmoja; kinakupa eneo la kuanzia na kuishia badala ya namba moja; na kinasema kilikotoa viwango vyake. Kinachomaliza kwa kukuuzia chai ya kupunguza tumbo, kifute muda huohuo. Mimba si wakati wa kupunguza uzito, hata kwa aliyeanza na BMI ya 35. Na programu inayotaka orodha ya majina yote kwenye simu yako ili ikuhesabie kilo, jiulize inayataka ya nini.

Kuna jambo moja ambalo sitaki uiulize simu kabisa. Ukipima kwa mizani yako ileile, kwa utaratibu wako uleule, ukakuta umepanda zaidi ya kilo moja au mbili ndani ya wiki, huku uso au mikono imevimba, pete haitoki, kichwa kinauma kisichosikia dawa, macho yanaona vimulimuli au ukungu, au panauma chini ya mbavu upande wa kulia, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hayo ni maji yanayobaki mwilini, na inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Wapime presha, 140 kwa 90 na kuendelea si ya kurudi nayo nyumbani bila maelezo. Wapime na protini kwenye mkojo. Dalili hizo zikija bila uzito kupanda, nenda vilevile. Mtoto akipunguza kucheza, ukitoka damu, au maji yakikutoka, nenda.

Kwa kuwa 68.8 yako ilitokea ndani ya siku nne, sitaki niiache hivihivi kwa kudhani tu. Kesho au keshokutwa pita kliniki, wakupime kwa mizani yao na wakuangalie presha. Ikiwa 66 na kitu au 67 na presha iko sawa, tumeimaliza. Ukiwa hapo waulize kuhusu kipimo cha sukari, maana wiki ya 24 hadi 28 ndio wakati wake. Chukua kadi na simu yote mawili, mwonyeshe nesi mstari ulioko kwenye skrini. Dakika mbili tu zinatosha, na wengi wao watafurahi kuona mama anayefuatilia.

Wiki mbili zijazo niandikie tena, unipe uzito wa kliniki, tarehe, na presha waliyoiandika kwenye kadi. Nitaziweka kwenye mstari wako wa kilo 61 tuone nukta inaangukia wapi. Leo usiku anza na ugali, mchuzi wa samaki na mchicha, na kile kiyai usimwachie mtu.